Mtoto amewashia sigiri michoro yangu, nikalia kama nimefiwa

Shangazi, salamu nyingi kutoka huku Luweero. Naandika usiku, watoto wamelala na simu imebaki na chaji kidogo, kwa hivyo mahali nitakapokuwa sieleweki unisamehe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36. Nimezaliwa na kukulia kwenye kota za jeshi, baba alikuwa askari na mama alikuwa anashona palepale barazani, ndo maana mpaka leo Kiswahili ndo kinanitoka nikifurahi na nikikasirika pia. Mume wangu naye alikuwa jeshini, alipostaafu tukahamia kwao kijijini, kutoka lami ya kwenda Gulu ni boda kama nusu saa. Sina ugomvi na kijiji. Kibanja kipo, tuna ndizi, muhogo, kahawa kidogo, na mimi nina cherehani ya mguu aliyoniachia mama, ndo inalipa karo. Nashona yunifomu, nashona gomesi, zile nguo ndefu za wanawake wa Buganda, watu wakiwa na sherehe, narepea mivumba, yaani mitumba. Kazi naipata.

Sasa shida yangu wengine wataiona ya kitoto. Mimi nachora. Si kwamba nimesomea, hapana, nilianza nikiwa shuleni na sijawahi kuacha kabisa. Nina daftari kubwa la vipimo vya kastoma, mbele naandika vipimo, kifua, kiuno, urefu wa mkono, halafu nyuma, nikiligeuza, nachora. Nachora kuku, nachora jani la muhogo, mtoto akilala, kastoma akiwa amekaa anangoja nguo na yeye hajui kama namchora. Na kulikuwa na ukurasa mmoja wa mikono ya mama. Alikuja kunitembelea mwaka juzi akakaa mlangoni anachagua mawe kwenye mchele, mimi nikachora mikono yake tu na ule ungo, bila uso. Baada ya miezi minne akafariki. Picha za simu ninazo lakini zote ameangalia kamera amekaza uso, hakuna hata moja iliyo na ile mikono.

Basi miezi miwili iliyopita mvua ilinyesha toka asubuhi, makaa yamelowa, mimi nimeenda kupeleka yunifomu shuleni. Mtoto wangu wa pili, ana miaka 9, akataka kunisaidia kuwasha sigiri, hili jiko letu la makaa, ili nikirudi nikute chai. Alichana kurasa za nyuma za daftari. Nilipomuuliza mbona umechana kitabu cha kazi akaniambia, mama sijagusa zenye namba, nimechukua zile hazina namba ili nisiharibu kazi yako. Shangazi, sikuweza hata kumkemea. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, nililia mpaka mume wangu akanifuata akauliza nani amekufa, nikamwambia daftari, akasema, yaani unalia makaratasi? Si nitakununulia lingine. Na kweli kesho yake akaninunulia, jipya, zuri. Liko pale kwenye meza ya cherehani, sijaandika kitu, kila nikishika penseli mkono unakuwa mzito.

Tena kuna mama mkwe. Ni mtu mzuri, tunaishi naye uwanja mmoja, lakini nilipanda maua pembeni ya bustani ya nyanya, zile marigoldi za rangi ya machungwa, nikaamka siku moja nimekuta ameyang'oa yote amepanda dodo, ile mboga ya majani. Akaniambia maua hayaliwi. Aliniambia akiwa amekaa kwenye mkeka wake pale chini ya muembe, ule anaoufuma mwenyewe, wala hakuwa na hasira, ni kama ananielekeza. Na kuna rafiki yangu ninasali naye ambaye yeye anasema kama unajua kuchora basi fanya bizinesi, chora mitindo ya nguo uwauzie mafundi, au ujirekodi uweke kwenye simu watu wakufuate. Nikisikia hivo nachoka kabla sijaanza.

Naomba uniambie ukweli. Mtu mzima mwenye watoto watatu na deni la karo, ana haki ya kukaa anachora kuku? Na kama anayo, muda unatoka wapi? Na huu mkono mzito nifanyeje?

Mama Cherehani, Luweero

Shangazi anajibu

Mwanangu Mama Cherehani, kwanza pole ya mama. Nakupa pole hiyo mbele ya yote kwa sababu kwenye barua yako umeipitisha katikati haraka haraka kama kitu kidogo, na mimi naona ndo shina lenyewe. Hukulia makaratasi. Ulimlilia mama yako mara ya pili, na safari hii hakukuwa na watu waliokuja kukaa na wewe wala kukupikia chai, ulikuwa peke yako nyuma ya nyumba na mtu mmoja anakuuliza kwa nini unalia. Mtu yeyote angelia.

Sasa nataka turudi kwa huyo mtoto, maana nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nasimama palepale. Mtoto wa miaka 9, moto umekataa, mvua, anataka mama akirudi akute chai, anafungua daftari, na kabla ya kuchana anafikiri. Anachagua. Anaacha zenye namba. Huyo mtoto umemlea vizuri sana, amejua kabisa kwamba kazi ya mama inalindwa, na akalinda kila kitu alichofundishwa kulinda. Kurasa za nyuma hakufundishwa. Hakuna mtu hapo nyumbani aliyefundishwa. Mumeo alipokuuliza unalia makaratasi, alijua kwamba mikono ya mama mkwe wake ilikuwa mle? Mimi nadhani hakujua. Ulimjibu daftari, na yeye akaenda akakununulia daftari. Mwanaume aliyesikia neno daftari akaleta daftari siku ya pili yake, tena zuri, huyo anakusikiliza, mpe tu neno lenyewe.

Kwa hivyo la kwanza ninalokuomba, kabla hata ya penseli, ni umwambie. Mkishakula jioni, mwambie kulikuwa na ukurasa wa mikono ya mama, alikaa mlangoni akichagua mchele, na ndo uliowaka. Usimwambie kwa lawama. Na mtoto naye aambiwe, lakini yeye kwa upole zaidi na usimwambie kwamba ni mikono ya bibi iliyoungua, huo mzigo ni mkubwa kwa miaka 9, mwambie tu zile za nyuma nazo ni kazi ya mama, hazina namba lakini ni kazi. Halafu wawekee gazeti kuukuu na maganda ya mahindi makavu karibu na sigiri, ya kuwashia.

La mikono ya mama. Ichore tena. Najua unasema haitakuwa ile, ni kweli haitakuwa ile. Mama yangu mimi alikuwa Mnubi wa Bombo, na wanawake wa kwetu wanasuka tabaga, zile sinia za rangi za kufunikia chakula, nadhani umeziona ukikulia kotani, nyekundu na kijani na zambarau zinazunguka kutoka katikati kama jua. Aliniachia moja. Niliitundika ukutani nyumba ya kupanga, mchwa wakaingia kwa nyuma mimi sioni, siku naishusha ikabaki unga mkononi, mduara mmoja tu wa pembeni ndo ulibaki mzima. Nilikaa na kile kipande mwaka mzima. Halafu nikaanza kusuka, mimi ambaye nilikuwa nimekataa kujifunza wakati mama yuko hai, na pale nilipokuwa sikumbuki rangi inayofuata nilifunga macho nikauliza vidole, na mara nyingi vilijua. Tabaga niliyoitoa si ya mama. Imepinda upande mmoja. Lakini ndani yake kuna vitu viwili vitatu vya mama ambavyo nilikuwa sijui kama ninavyo.

Wewe ulimchora ukimwangalia, mwanangu, na mtu akichora kitu anakiangalia kuliko anavyoangalia siku zote, kwa hivyo ile mikono iko mahali fulani ndani yako hata kama karatasi imeungua. Usianze na mkono mzima. Anza na kile ambacho una uhakika nacho kabisa, kama ni pete, kama ni kidole cha shahada kilichokuwa kigumu kwa sababu ya kusukuma sindano miaka yote, kama ni ukingo wa ungo na kidole gumba kimekaa juu yake. Chora hicho tu. Kesho ongeza kingine. Usiporidhika acha ukurasa wazi, usifute, na uandike tarehe. Na fanya mapema, kabla kumbukumbu haijafifia.

Sasa mama mkwe. Umeniandikia kitu bila kukiona. Umesema aling'oa maua yako, halafu ukasema amekaa kwenye mkeka anaoufuma mwenyewe. Mwanangu, umewahi kuuangalia huo mkeka? Mikeka ya wamama wa Buganda haitoki hivihivi. Miyaa inakatwa kwenye mkindu mwitu, inachemshwa, inaanikwa, inapasuliwa iwe myembamba sawasawa, nyingine inatiwa rangi, halafu anasuka ukili mrefu, mita na mita, akihesabu kichwani bila kalamu wapi ipite nyekundu na wapi ipite nyeusi ili siku ya kuushona huo ukili pande kwa pande mapambo yakutane. Akikosea hesabu moja, ua linavunjika na anafumua. Mkeka wa kukalia hauhitaji maua. Ungekalika vizuri tu ukiwa mweupe mzima. Yule mama anaweka maua kwenye kitu cha kukalia na hakuna mtu amewahi kumwambia maua hayaliwi.

Simaanishi uende umjibu hivo, usithubutu. Nenda ukae naye. Chukua daftari jipya, kaa chini ya muembe, mwambie mama, naomba nichore huu mkeka, nataka nielewe hapa rangi inavyopinda. Mwache akuelekeze, mwache acheke ukikosea kuhesabu. Utakuwa umepata mwalimu, na yeye atakuwa ameona kwa macho yake kile unachokifanya huko nyuma ya daftari.

Na maua mwambie kazi yake. Marigoldi si pambo tu pale kwenye nyanya, mizizi yake inasumbua wale minyoo wadogo wanaoingia kwenye mizizi ya nyanya mpaka inavimba vinundu na mche unadumaa. Ila nikwambie ukweli, mistari miwili pembeni haitafanya muujiza, inatakiwa yapandwe mengi na yakae msimu mzima palepale ambapo utapanda nyanya baadaye. Mama mkwe aliyelima maisha yake yote akisikia ni dawa ya udongo atakusikiliza vizuri zaidi kuliko ukimwambia yanapendeza. Ingawa pia yanapendeza, na hilo nalo halihitaji kuombewa msamaha.

Ukitaka pahali pako ambapo hakuna mtu atang'oa kitu, tengeneza gunia. Chukua gunia la kilo 100, kunja mdomo wake chini kwanza uwe mfupi. Tafuta kopo kubwa lililokatwa kitako, lisimamishe katikati, lijaze mawe madogo, pembeni yake jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, ukifika usawa wa kopo livute juu, mawe yanabaki yamesimama kama nguzo, jaza tena mawe, jaza tena udongo, unaendelea hivo unapandisha na gunia mpaka juu. Maji ukimwaga kwenye ile nguzo ya mawe yanafika mpaka chini badala ya kuishia juu. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki, juu panda nakati, ile mboga ya majani, au vitunguu, na tundu tatu nne upande unaotazama cherehani weka maua. Weka palepale unaposhonea, kivuli kisiwe kikali. Utakuwa unainua kichwa kutoka kwenye sindano macho yanapata pa kupumzika, na cha kuchora utakuwa nacho hatua mbili kutoka kwenye stuli.

Umeuliza kama mtu mzima mwenye watoto watatu na deni ana haki ya kuchora kuku. Mimi nakuuliza, ukimkatia mtu gomesi, lile bega linalosimama juu, unalitoa wapi? Unachukua kipande cha sabuni kilichokauka unachora kwenye kitambaa, bila rula, mkono unaenda wenyewe, na ukikosea nusu inchi bega linalala na mteja hachukui. Huo ni mchoro. Unachora kila siku na watu wanakulipa, sema tu mchoro wenyewe unapita mkasi halafu unavaliwa. Hata gomesi yenyewe ni mtu alikaa akaiwaza, huko mwanzoni mwa miaka ya 1900, fundi mmoja wa asili ya Goa aliyeitwa Gomes, ndo jina lilipotoka, aliwashonea wasichana wa shule ya Gayaza. Kola ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi chini ya kiuno. Leo hakuna sherehe Buganda bila hiyo nguo.

Na usifikiri uchoraji unahitaji jumba. Pale Makerere, shule ya sanaa ambayo leo inajulikana dunia nzima, Margaret Trowell aliianza mwaka 1937 kwa kufundisha watu wachache kwenye baraza ya nyumba yake. Baraza, mwanangu. Mama yako alikuwa na baraza, na wewe unayo. Nakumbuka pia mara ya kwanza nilipoona watu wa Mawokota wanatoa lubugo, ile nguo ya gome ambayo UNESCO waliitambua mwaka 2005. Walibandua gome la mti wa mutuba, mti ukabaki uchi, mwekundu, nikauhurumia, nikauliza sasa si utakufa? Mzee mmoja hakunijibu, alichukua majani ya mgomba akauviringisha wote kama mtoto anavyofungwa mgongoni, akafunga na kamba. Baadaye akaniambia utaota gome jingine, na watalichukua hilo nalo, mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nimeenda kuangalia nguo, nikarudi na yale majani kichwani.

Kuhusu rafiki yako na bizinesi. Anakupenda, na anajua maisha ya kijijini, sente hazipatikani. Lakini kuchoka kwako ukisikia hilo neno kuna maana, uheshimu. Cherehani yako tayari inalipa karo. Tayari mkono wako mmoja unauza. Ukiuza na huu wa pili utakuwa unachora kuku ambaye kastoma atampenda, utaanza kumrembesha, na yule kuku wako wa kweli mwenye shingo imenyonyoka atakosa pa kukaa. Daftari usiuze. Siku ukijisikia kutoa kitu kutoka mle kwenda kwenye kitambaa, fanya kwa wa nyumbani kwanza. Chukua lile jani la muhogo ulilochora, weka karatasi kwenye dirisha lenye jua, weka kitambaa chepesi juu yake, fuata mistari kwa penseli taratibu. Uzi wa kudarizi ni nyuzi sita zimelala pamoja, toa mbili tu, ushone kwa mshono wa kurudi nyuma, jani litakaa kwenye mfuko wa shati la huyo mtoto wa miaka 9. Yeye zaidi ya wote. Akiuliza hili ni nini, mwambie ni ukurasa usio na namba.

Vitambaa vinavyobaki pia, vile vipande vya kitenge ambavyo najua umejaza kwenye kiroba chini ya meza, viunge kiraka kwa kiraka usiku mmoja mmoja bila haraka. Na kama una pamba nyeupe imechakaa, chemsha maganda ya vitunguu, mengi, sufuria iliyojaa, tumbukiza kitambaa kilicholowa, uongeze shabu kidogo ili rangi ishike, utapata njano ya dhahabu mpaka kahawia. Manjano ya jikoni nayo inatoa rangi kali sana lakini jua linaila, usiitumie kwa nguo ya kuvaa nje.

Sasa huo mkono mzito. Daftari jipya ni zuri mno, ndo tatizo moja. Limenunuliwa kwa sababu ya kilio na wewe unataka ukurasa wa kwanza ulistahili. Ukurasa wa kwanza uharibu makusudi. Jaribu penseli, piga mistari, mpe mtoto mdogo achore chake. Kisha siku ya maharage, maana maharage kwenye mkaa unajua yanachukua saa mbili na zaidi, weka sufuria, kachume jani moja la muhogo, liweke mbele yako, weka ncha ya penseli kwenye karatasi na usiangalie karatasi tena. Angalia jani tu. Macho yatembee kwenye ukingo wake polepole kama sisimizi, na penseli itembee na macho, kidole kimoja cha jani, bonde, kidole kingine, mpaka urudi kwenye kikonyo. Ukimaliza utaangalia na utakuta kitu kimepinda vidole vimepishana, usijali hata kidogo, kazi ya zoezi hili ni kuyarudisha macho kazini, mkono utayafuata. Fanya hivo siku saba, jani jipya kila siku. Kama hutaki penseli kwa sababu inakukumbusha, choma vijiti vyembamba ndani ya kopo lililofungwa lenye tundu dogo la moshi, uzike kopo kwenye moto mpaka moshi uishe, ukifungua lishapoa una mkaa wa kuchorea, mweusi laini.

Muda hautoki popote, nikudanganye? Muda ni huo wa maharage, na wa kastoma aliyesema anakuja saa nne akaja saa sita. Januari mpaka shule zifunguliwe, wakati wa yunifomu, usijitese, mstari mmoja kwa siku unatosha au hata usichore kabisa, cherehani ina haki yake. Lakini msimu ukiisha rudi, usingoje mpaka moyo utake.

Jambo moja la mwisho na ni dogo. Tenganisha madaftari. Vipimo vikae na vipimo kwenye lile la zamani. Hili jipya toboa pembeni, pitisha kamba ya nguvu, funga na penseli hapohapo, umwombe baba watoto akupigie msumari ukutani juu ya cherehani, mwenyewe apige kwa mkono wake, usawa ambao wewe unafikia umekaa na mtoto hafiki amesimama. Kesho asubuhi umwombe, kabla hajaenda shamba.